Naenda Paris siku nane: picha nizirushe papo hapo au nisubiri nirudi?

Binti Fundi

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa sita nina safari ya Paris, siku nane, na ni mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Viza imetoka, tiketi ninayo, hoteli nimeshalipia. Kinachonikosesha usingizi ni picha.

Mama yangu ni fundi cherehani. Tangu nipate akili zangu, ukutani juu ya cherehani yake kulikuwa na kalenda yenye picha ya Mnara wa Eiffel. Mwaka wa kalenda ile uliisha, zikaja kalenda nyingine, yeye akachukua mkasi akakata sehemu ya tarehe na kuibakiza picha. Ilipauka mpaka anga lake likawa la njano. Mimi nimejifunza kusoma nikiwa nimekaa chini ya picha ile. Sasa miguu ya mama haimbebi tena, anashinda kitandani, na siku nilipomwambia naenda alinishika mkono akasema, "Nenda ukanitazamie." Neno hilo ndilo linalonipeleka.

Mdogo wangu anataka niingie laivu kila siku ili mama aone kila kitu kinapotokea. Rafiki yangu wa karibu ananikataza kabisa, anasema nisiweke hata picha moja mpaka nitue nyumbani. Ukurasa wangu una wafuasi kama elfu tatu. Niliufungua kwa ajili ya kuuza nguo za mama, kwa hiyo wengi wao siwajui hata kwa sura.

Naombeni ushauri wa mtu aliyepita huko. Nirushe papo hapo au nisubiri? Na je, kupiga picha watu na majengo ya kule kuna masharti gani? Sitaki kufika nikaanza kufokewa.

---

Mguu Njia

Dada Binti Fundi, mimi nakujibu kwa yaliyonikuta, tena hata sikuwa nimefika Paris bado.

Nikiwa uwanja wa ndege nasubiri kuitwa, nilishika pasipoti na kadi ya kupandia ndege, nikapiga picha, nikaandika "safari imeanza" na kuiweka wazi kwa kila mtu. Jina nililificha kwa kidole. Nilijiona mjanja. Nilichosahau ni ule mraba wenye vidoti vyeusi kwenye kona. Mraba ule ndani yake una jina lako na namba ya bukingi, na simu yoyote yenye programu ya kusoma misimbo inaufungua kwa sekunde moja. Mtu akishakuwa na jina la ukoo na namba ile, anaingia kwenye tovuti ya shirika husika kama wewe mwenyewe. Anaona unarudi lini, anabadilisha kiti, anabadilisha barua pepe, na kwenye tiketi nyingine anafuta kabisa.

Yangu ilifutwa. Siku ya sita niko Paris najaribu kuthibitisha safari ya kurudi, naambiwa hakuna abiria mwenye jina langu. Nilikaa kwenye simu muda mrefu mpaka sikio likapata moto. Jibu lao likawa kwamba ombi la kufuta liliingia likiwa na jina sahihi na namba sahihi, kwa hiyo kwao ni mimi niliyeomba. Nilinunua tiketi nyingine kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa jambo jingine kabisa. Aliyefanya vile mpaka leo simjui.

Kwa hiyo usiionyeshe kadi ya ndege, hata ile ya kurudia, hata ukishashuka. Hata kibandiko kile cha begi usikionyeshe. Kama unataka kuwaonyesha watu kwamba unasafiri, piga picha bawa la ndege kupitia dirishani.

Mengine wenzangu watakwambia.

---

Mama Nasra

Pole sana Mguu Njia, hiyo ya kadi hata mimi sikuijua.

Binti Fundi mwanangu, rafiki yako ana hoja, na usimwone kama anakuonea wivu. Mimi nilifikia hoteli ndogo, chumba cha juu, dirisha linatazama mtaa mwembamba. Asubuhi ya kwanza nimeamka, mvua imetoka kunyesha, mawe ya barabara yanang'aa, mwanamke mmoja anapita na baiskeli yenye kikapu. Nikapiga. Nikaiweka statasi na kwenye ukurasa, nikaandika tu "asubuhi njema". Mahali sikutaja.

Lakini kwenye kona ya picha, ukutani, kulikuwa na kibao. Paris yote ina vibao hivyo: vya bluu, ukingo wa kijani, maandishi meupe. Kinaandika jina la mtaa, na juu yake namba ya wilaya, maana jiji limegawanywa wilaya 20. Mimi sikukiona hata kidogo, nilikuwa namtazama yule wa baiskeli. Saa za mchana nikapata ujumbe kutoka kwa mwanaume nisiyemjua, ananitajia jina la mtaa na kuniambia naye yuko Paris, tuonane. Sikumjibu. Kesho yake jioni narudi, ng'ambo ya mlango wa hoteli kuna mtu amesimama, ameinama kwenye simu, kisha ananyanyua uso ananitazama mimi, anatazama simu, ananitazama mimi.

Sikuingia hotelini. Nilipitiliza kama siijui, nikaingia duka la dawa kwenye kona. Nashukuru nilipata ujasiri wa kumweleza muuzaji kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, naye akanisindikiza mwenyewe mpaka mapokezi. Yule mtu hakunigusa wala hakusema neno. Ila siku mbili zilizobaki nililala na kiti nimekiegemeza mlangoni.

Sikutishi usiende. Paris ni nzuri na nitarudi. Ninachokuomba ni kwamba picha ya mahali unapolala isitoke mpaka uwe umeshahama hapo. Picha ya mahali ulipo sasa hivi ngoja uondoke kwanza, ziweke jioni au kesho yake. Na hizi za laivu, mwambie mdogo wako nimekataa mimi. Mama anataka kuona, basi mpigie simu ya video, yeye peke yake. Hao elfu tatu hawakukwambia "nenda ukanitazamie".

---

Kaka Kamera

Mama Nasra amemaliza suala la usalama, mimi niingie kwenye picha zenyewe, maana ndiyo kazi yangu na nimepiga Paris zaidi ya mara moja.

Kwanza mnara. Watu wengi wanasimama Trocadéro, ng'ambo ya mto, na ni kweli pale unaupata wote kuanzia miguu mpaka ncha, mita 330. Sasa Juni jua linachomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na kutoka pale linatokea kushoto kabisa kwa mnara, kwa hiyo mwanga laini unaupiga ubavuni, na uwanja ni mtupu, labda wewe na bibi harusi mmoja na mpigapicha wake. Jioni mambo yanageuka: jua linaupiga mnara usoni na chuma kinakuwa na rangi ya asali. Nenda mara zote mbili. Ukitaka jambo jingine, panda Metro namba 6. Inatoka chini ya ardhi na kuvuka mto juu ya daraja la Bir-Hakeim, na kwa nusu dakika hivi mnara unapita dirishani ukiwa umekaa. Huo ndio mkanda wa kumrekodia mama.

Usiku mnara unameta dakika tano kila saa inapoanza, balbu elfu 20. Ila Juni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo utangoja sana. Beba kitu cha kujifunika.

Hapo kwenye taa nisikilize vizuri kwa sababu umesema ukurasa wako ni wa biashara. Mnara ni wa mwaka 1889, Gustave Eiffel alifariki 1923, na haki za umbo lake zimeshakwisha zamani. Lakini taa za usiku za sasa, zile za rangi ya dhahabu, ziliwashwa mara ya kwanza 1985, ni ubunifu wa mtu mwingine, na zinalindwa kama kazi ya sanaa. Wewe kama mtu binafsi kuweka picha ya usiku kwenye ukurasa wako hakuna neno, waendeshaji wa mnara wenyewe wanaruhusu. Ukiitumia kutangaza nguo, hapo unahitaji kibali. Picha za nguo za mama zipige mchana.

Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, usije ukapoteza siku. Kupiga picha kunaruhusiwa, ila hakuna flashi, hakuna fimbo ya selfi. Mona Lisa, ule mchoro maarufu wa mwanamke, utamkuta nyuma ya kioo, sentimita 77 kwa 53 tu, na mbele yake msitu wa mikono iliyonyanyua simu. Piga moja, kisha geuka nyuma. Ukuta mzima unaomtazama una mchoro wa mchoraji Veronese wa harusi ya Kana, karibu mita kumi kwa upana, mkubwa kuliko michoro yote ya Louvre, na watu wanaupa mgongo. Tazama mavazi ya wale wageni, hariri, mikunjo, rangi za kijani na waridi. Kwa mtoto wa fundi nadhani hiyo ndiyo picha ya kumpelekea mama.

Sacré-Cœur, kanisa jeupe juu ya kilima cha Montmartre, ndani hairuhusiwi kupiga, na wanasimamia kweli. Heshimu, kaa tu utazame. Kanisa kuu la Notre-Dame lililoungua Aprili 2019 lilifunguliwa tena Desemba 2024. Kuta zimesafishwa, mawe yamekuwa meupe kama maziwa, kuingia ni bure.

Sasa watu. Sheria ya Ufaransa inampa kila mtu haki juu ya sura yake. Umati ukionekana kwa ujumla haina tatizo. Ukimtenga mtu mmoja, uso wake ukawa ndio picha na ukaenda kuisambaza, muombe kwanza. Watoto wa watu usiwaguse kabisa.

Kuna mzee mmoja muuza vitabu kando ya mto Seine, wale wenye masanduku ya kijani yaliyofungwa kwenye ukuta wa mto. Nilisimama naye karibu robo saa, nikanunua ramani ya zamani, kisha nikanyanyua kamera nikamuonyesha kwa ishara. Akatikisa kichwa. Nikaishusha. Nilipokuwa natoka akaniita, akaweka mikono yake juu ya lile bunda alilokuwa analifunga: karatasi ya kahawia, kamba ya katani, kidole gumba kimeshikilia fundo, kucha ina wino. Akaionyesha kamera kwa kidevu, mikono tu. Nimepiga maelfu ya picha mji ule na hiyo ndiyo iliyoko ukutani kwangu.

---

Mguu Njia

Kaka Kamera, swali dogo kabla sijasahau. Nimesikia picha yenyewe inabeba ramani ndani yake, ni kweli?

---

Kaka Kamera

Ni kweli. Simu ikiwa imeruhusiwa kujua mahali ulipo, kila picha inaandikiwa ndani yake tarehe, saa na GPS ya pale uliposimama. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida, habari hizo zinaondolewa. Ukituma kama faili ili ubora usipungue, zinabaki zote. Watu wengi hawajui tofauti hiyo.

Wengine watakwambia uzime mahali kwenye kamera. Mimi sikubaliani nao. Miaka kumi ijayo utataka kujua daraja lile lilikuwa lipi, na kumbukumbu haitakusaidia. Acha iwashwe, halafu uondoe mahali wakati wa kutuma. Kwenye iPhone, ukibonyeza kushiriki, juu kuna sehemu ya chaguo, unazima mahali kwa picha hizo tu. Simu nyingi za Android nazo zina namna hiyo.

Na kila usiku hotelini pandisha picha za siku kwenye hifadhi ya mtandaoni. Chini ya mnara na ndani ya Metro wachomoaji ni wengi na wana mikono myepesi. Simu ikienda, picha zibaki.

---

Binti Fundi

Ninawashukuru sana, nimesoma kila neno mara mbili. Mama Nasra, umenisemea jambo nililokuwa nalo moyoni nikashindwa kulipanga. Nilikuwa nachanganya watu wawili tofauti, mama na wale elfu tatu, kana kwamba wote wananingoja kwa namna moja. Mdogo wangu nimeshamwambia laivu hakuna. Atakaa na mama kila jioni na tableti, mimi nitapiga. Nikirudi nitawapa habari.

---

Binti Fundi

Nimerudi wapendwa, wiki ya pili sasa. Niliahidi, na deni lazima lilipwe.

Ukurasa wangu ulikaa kimya siku zote nane. Wateja wawili waliuliza kama naumwa. Kadi ya ndege niliikunja mara nne nikaiweka ndani ya kitabu. Kibao cha bluu na kijani nilikiona saa ile ile nilipofika mtaani kwangu, Mama Nasra nikakukumbuka, na dirisha lile sikulipiga.

Trocadéro nilifika alfajiri, na kweli bibi harusi alikuwepo, Kaka Kamera! Nilipiga picha ile ile ya kalenda, nikatafuta mpaka pembe ikafanana. Jioni nikamtumia mama nikijua ndiyo aliyokuwa anaisubiri. Akaitazama, akasema ni nzuri, akanyamaza. Nilimjua. Ilikuwa ni ile aliyoishi nayo miaka yote, sasa ina anga la bluu tu.

Siku ya tano nilipanda mnara kwa miguu, ngazi 674 mpaka ghorofa ya pili, na kila nilipochoka nilisimama nikapiga kilichokuwa mbele ya uso wangu, kwa sababu nilikuwa sina nguvu za kutafuta kingine. Vyuma tu. Vimepishana, vingine vyembamba kama fito, vimeshikwa na ribiti zenye vichwa vya mviringo, mstari kwa mstari, zimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka mpaka kingo zake zimekuwa laini. Sikudhani ni picha. Nilimtumia pamoja na nyingine bila kuchagua, kama faili, mahali nimeondoa.

Mdogo wangu anasema mama aliomba tableti aishike mwenyewe. Akaivuta ile ya ribiti kwa vidole viwili, ikawa kubwa, akaivuta tena. Simu ya video ilipopokelewa sikuuona uso wake, niliona kidole chake kinafuata mstari wa vile vichwa, kimoja baada ya kingine.

"Wameshona," akasema. "Kumbe wameshona. Hii hapa ni lesi, mshono mmoja mmoja, na hapa pembeni wamerudia mara mbili ili isiachie." Miaka yote alikuwa anautazama kwa mbali kama jengo.

Halafu akaniuliza kama bado niko karibu na pale. Nikamwambia nimeshashuka, niko hotelini, ni usiku. Akasema, "Basi kesho rudi. Nataka nione upande wa ndani walivyomalizia."

Nilirudi. Picha za upande wa ndani ziko 61. Kwenye ukurasa nimeweka nne tu, jana. Nyingine mama hajamaliza kuzitazama.